Usifagie Mpaka Nitue

Mwanangu Salma,

Leo nimeiuliza simu: kutoka Maskati mpaka Toronto ni mbali kiasi gani? Ikanijibu, zaidi ya kilomita elfu kumi na moja, na safari karibu siku nzima ukiweka na kungoja ndege ya pili. Nikacheka peke yangu hapa sebuleni, mtaani kwetu Ansab. Nyumba hii ilikuwa na kipimo chake cha safari, nacho kilikuwa ufagio wa marehemu mama yako.

Unakumbuka alivyokuwa. Msafiri akishatoka mlangoni, nyumba haifagiwi mpaka apige simu kusema amefika. Kufagia kabla ya hapo, kwake yeye, ni kumfutia nyayo. Nilipokuwa nikienda Unguja haikuwa tabu. Naondoka asubuhi, mchana nimeshatua, na jioni sakafu inang'aa. Kisha ukaja wewe na chuo chako cha mwisho wa dunia.

Siku uliyoondoka upepo wa mchanga ulivuma tangu alfajiri. Vumbi likatanda mezani, kwenye mito, mpaka ndani ya sahani ya tende. Jirani akaja na wanawe, wakamwaga makombo ya sambusa zuliani. Unanijua nisivyovumilia uchafu, nikaunyanyua ufagio. Mama yako akaninyang'anya.

"Nna mtoto angani," akasema. "Vumbi litangoja."

Likangoja kweli. Tulilala nalo, tukaamka nalo, na wewe bado ulikuwa njiani. Ulipopiga hukusema mengi: "Mama, nshafika. Fagia." Alifagia huku machozi yanamtoka, na mimi nyuma yake nimeshika kizoleo.

Tangu atutoke sijasafiri popote. Uliponiita mara ya kwanza nilisingizia magoti, mara ya pili baridi. Kumbe nilikuwa naogopa tu. Nilijiuliza, nikiwa huko juu, ni nani atakayeniachia vumbi?

Juzi mwanao alitokea kwenye simu, ameshajua kutembea, akanisogezea biskuti mpaka ikagonga kioo. Iliniuma kwamba siwezi kuipokea. Nawe ukasema, na sikuwa nimekwambia lolote: "Baba, we njoo tu. Ukipanda ndege, mi naficha ufagio huku."

Basi tiketi ninayo. Naondoka Ijumaa baada ya sala. Hapa nitafunga mlango nyumba ikiwa vilevile ilivyo, na vumbi likusanyike mpaka lichoke. Magoti yangu ni yaleyale, na hofu haijaisha yote, lakini moyo wangu una furaha ambayo sijaionja kwa muda mrefu.

Nawe mwache mtoto ale biskuti zake popote apendapo. Usimfuate nyuma kwa kitambaa. Nataka nikiingia kwako niyasikie makombo yakivunjika chini ya miguu yangu.

Halafu ufagio nipe mimi.

Baba yako