Papa, Koti Lako Liko Chinsapo

Papa,

Keti kwanza, na usinikatize. Koti lako haliko tena nyumbani. Liko Chinsapo, kule Lilongwe, kwenye mabega ya binti mumoja mwenye kuuza mandasi barabarani, na mi njo nilimuvalisha kwa mikono yangu. Najua unauliza, "Furaha, akili yako iko wapi?" Iko hapa hapa. Ngoja nikuelezee, kisha ukate kesi, maana kukata kesi ulikuwaka unapenda kuliko chakula.

Unakumbuka vile ulianza kuwa mwamuzi? Huku kambini Dzaleka batu bangali banaisimulia, na kila mutu anaongeza chumvi yake. Tulikuwa tumekaa mbele ya cherehani yako, mi na bavijana ba jirani, tunacheza Mazimwi. Ule muchezo tuliutoa kwenye simu, lakini bando zilikuwa zinakwisha mbele ya zimwi la kwanza kuanguka, njo tukachora ya kwetu kwenye kartoni za biskuti. Hakuna kampuni, hakuna bosi. Sisi wenye kuupenda njo tunauendesha. Ukatoka kanisani na Biblia kwapani, shemasi muzima, umekuja kufukuza mashetani. Ukanyakua karata moja, ukavaa miwani, ukasoma. Ukarudilia kusoma. Kisha ukasema: "Bon. Hili zimwi limelala usingizi. Sasa linapigaje?"

Aibu, Papa! Tulikuwa tunacheza désordre tupu, kila mutu na sheria yake. Ukavuta kiti, na mpaka Mama anatuma mutu kuuliza shemasi amepotelea wapi, ulikuwa umeshanyoosha muchezo muzima. Zimwi lililolala halipigi. Moto haushiki zimwi lililolowa, "mwenye kubisha amuulize mama yenu na makaa ya siku ya mvua." Zimwi halibebi silaha tatu, juu hujawahi kushona shati ya mikono mitatu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini nani angebisha?

Kisha ukajishonea lile koti la mwamuzi, kwa vipande vya vitenge vilivyobakia: mukono mumoja wa picha za samaki, mukono wa pili wa kuku. "Mwamuzi asipoonekana hasikiwi." Mama akaapa hatatembea nawe njia moja. Alitembea, tena akiwa mbele, na kichwa juu.

Sheria hukuandika hata moja. Ulisema batu bakiandikiwa, banaacha kufikiri. Haya, tazama kilichotupata.

Tulipokuzika, siku za kwanza sikuweza hata kuangalia cherehani. Nilikukasirikia, nakuambia kweli. Nilikuwa naongea na wewe nikifua, nakugombeza juu ya kwenda bila kuniaga vizuri. Lakini muchezo haukungoja machozi yangu. Jioni batoto bakaja na karata zao, bakakaa pale pale. Mama akatoka kubafukuza. Sasa hivi Mama ana zimwi lake, Kobe-Chuma, na anaiba waziwazi, na hakuna mwenye mudomo wa kumuambia.

Ugomvi uliingia kwenye ile karata ya Mama-Barafu. Unaijua: inaita Mvua ya Mawe zamu hii, lakini mawe yenyewe yanaanguka zamu inayofuata. Sasa, kama Mama-Barafu ameshauawa hapo katikati, je, mvua inaanguka ao imekufa naye? Sisi ba Dzaleka tukasema imekufa. Bale ba Chinsapo, bale uliobafundisha wakati ulikuwaka unaenda Lilongwe kununua uzi, bakasema inaanguka. Tukatukanana kwa simu, tunatumiana sauti moja kwa sauti ingine. Mwishowe bakasema: bakieni na muchezo wenu, na sisi tutafanya wa kwetu. Hapo nililia, Papa. Ule muchezo njo kitu pekee ambacho bado ninakusikia ndani yake, na nikaona kinapasuka katikati mikononi mwangu.

Njo nikabaita: mukuje Dzaleka, tucheze, mushindi achukue koti la Papa. Kesi zote za siku ile zitakuja kwangu, juu mi ni damu ya mwamuzi. Bakakubali. Na usicheke: nililiweka koti kama zawadi juu nilijua nitalishinda mi mwenyewe, lirudi kwenye musumari wake, tule, tulale.

Nilishinda kila mutu mpaka fainali. Mbele yangu akakaa Chisomo, yule muuza mandasi. Ni Mumalawi wa Chinsapo, na Kiswahili chake chote alikitoa kwenye karata zako, njo maana anajua kusema "pigo" na "sumu" lakini hajui kusema "kijiko". Nilibaki na zimwi langu Ngurumo peke yake, amechoka, nusu mufu. Yeye alikuwa na Mama-Barafu, na nyuma yake kachura kamoja kasikoweza kuua hata inzi. Akaita Mvua ya Mawe. Mi nikapiga, Mama-Barafu chini! Batu betu bakaruka, bengine banashaanza kuninyanyua. Chisomo akatazama karata zake, akauliza pole pole, "Na mvua yangu, dada?"

Bote bakanigeukia. Bananitazama. Mawe yakianguka, Ngurumo amekufa, kachura kamebaki kamesimama, koti limeenda. Nikafungua mudomo niseme mvua imekufa. Nilikuwa nalo neno kwenye ulimi.

Nyuma yetu, kwenye mjigo, ile pompi ya maji, mutu akasukuma ndoo mbele kwenye mustari. Krrr. Nikakukumbuka siku ile Mama Niyonsaba alishikwa na uchungu wa kuzaa akingojea maji. Bakamupeleka mbio, ndoo yake ikabaki. Batu bakataka kuitoa. Ukapanua mikono, samaki huku, kuku kule: "Muiache! Mwenye ndoo ametoka, ndoo haijatoka. Aliiweka kwa haki, zamu yake itafika." Na zamu ilipofika ukapompa maji mwenyewe, ukaibeba kichwani, maji yanakudondokea mpaka ndani ya viatu vya kanisa, batu banakucheka njia nzima. Yale maji njo yalimuosha mutoto.

Nikasema, "Mvua inaanguka."

Aa! Ungesikia kelele. "Furaha, unajipiga mwenyewe? Umerogwa?" Nikabaambia maneno yako ya ndoo, vile vile ulivyoyasema. Bakakaa chini mumoja mumoja. Nani hapa hajawahi kuacha ndoo kwenye mustari akaamini ataikuta? Mawe yakaanguka, Ngurumo akafa, kachura kakasimama. Na mwenye kupiga vigelegele wa kwanza alikuwa nani? Mama. Anamushangilia mwenye kumupiga mutoto wake! Nikacheka mpaka machozi, na machozi yenyewe hayakuwa mabaya.

Nilipomuvalisha Chisomo koti, lilimufika magoti. Akasema, "Zikomo, dada," njo asante ya kwao. Akaondoka kwenye kabaza, mukono wa samaki unapepea nyuma ya baiskeli. Musumari uko mutupu, na niliuangalia sana usiku ule. Uliniuma. Lakini sasa Chinsapo na Dzaleka tuko muchezo mumoja tena, na ile hukumu kila mutu anaiita Sheria ya Ndoo. Chisomo akikwama kwenye kesi ananipigia simu, na mi nikikwama ninamupigia.

Kitu kingine. Unakumbuka ulimuomba pasta chumba cha kanisa, tucheze wakati wa mvua? Akasema "tutaombea," na we ukajua maana yake. Juzi alikuja nyumbani, akatoa ufunguo wa kile chumba mufukoni. Kisha akauliza, sauti chini, kama Kobe-Chuma anaweza kupata sumu. We uliiweka ndoo, Papa, zamu imefika tu.

Basi upumzike. Na usibasumbue sana bamalaika, na bo bana sheria zao. Najua uliacha ndoo zako zingine nyingi kwenye mustari. Hakuna mutu atazitoa nikiwa hapa. Kila zamu itakapofika nitajaza, na nitabeba kichwani, viatu vilowe vile vinataka.

Binti yako,
Furaha