Mtungi wa Qamara

Jumanne, 12 Aprili 1983

Barua yangu imetoka gazetini! Hawakuthubutu kukata hata nukta. Nimewaeleza jinsi kiwanda kinavyokamua oksijeni: hewa hii hii ya bure inagandamizwa, inapoozwa mpaka inakuwa maji, kisha inaachwa ichemke. Naitrojeni inatangulia kutoka, oksijeni inabaki. Bomba moja linajaza mtungi wa hospitali na wa gereji. Mali ya umma! Halafu nikamtaja: Qamara, mchomeleaji wa hapa Karatu, ana mtungi wa pili, umejaa, ameufunika magunia. Anawauzia walanguzi wa Arusha.

Mke wangu Hyasinta alisoma mpaka mwisho, akalikunja gazeti.

"Baba Josephati, uliona kwa macho akiuza?"

Kila mtu anajua, nikamwambia. Vita dhidi ya wahujumu uchumi havingoji miwani. Akaenda zake jikoni.

Jumamosi, 16 Aprili

Qamara kakamatwa. Mtungi umebebwa na watu wanne, wanahema. Ni kidhibiti cha kesi sasa, uko kituo cha polisi. Karakana ina kufuli. Watu wa kijiji cha Qurus walioleta plau zao za ng'ombe wamerudi nazo zimevunjika vile vile. Mmoja akanipigia kelele barabarani: "Mwalimu, basi tuchomelee kwa gazeti lako!" Wenzake wakacheka. Nilimjibu kwa dakika kumi. Wajinga ndio ngao ya walanguzi.

Ukungu haujaondoka tangu Jumatano. Hyasinta anakohoa.

Jumapili, 24 Aprili

Nimonia. Mapafu yote mawili. Tuko hospitali ya misheni. Midomo yake ina rangi ya majivu, kucha pia. Sista Antonia, muuguzi wa wodi, amemwekea oksijeni. Unabaki mtungi mmoja, hautavuka kesho jioni. Lori lenye mingine limekwama Mto wa Mbu, maji yamekata barabara.

Nikamuuliza: ya gereji je, inafaa?

"Ni ile ile, Mwalimu. Si wewe uliyetuandikia?"

Hakusema kwa ubaya. Heri angesema kwa ubaya.

Jumatatu, 25 Aprili

Nilikuwa kituoni kabla hawajapandisha bendera. Mtungi upo, nyuma ya kaunta, una karatasi shingoni. Nikamweleza mkuu wa kituo. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima. Kidhibiti hakitoki, akasema, mpaka faili likamilike, na faili linapungukiwa na kitu kimoja: shahidi. Barua ya gazeti si ushahidi. Niandike maelezo, niape kwamba nilimwona Qamara akiwauzia watu wa Arusha. Mtungi utapigwa picha, nitauchukua saa hiyo hiyo.

Sikumwona. Sijawahi kumwona. Nilisikia kilabuni!

Nikaomba nimwone mahabusu kwanza, nimuulize jinsi mtungi unavyofunguliwa. Qamara alikuja mpaka kwenye nondo. Amekonda.

"Umekuja kuniandika tena, Mwalimu?"

Nikamwambia kuhusu Hyasinta. Halafu akashika nondo kwa mikono miwili, akaanza kunifundisha, taratibu, kama mimi ninavyofundisha watu wazima kusoma.

"Umejaa, sijaugusa. Koki ikigoma usipake mafuta. Hata mikono yako, nawa kwa sabuni. Oksijeni ikikutana na grisi inalipuka, utamuunguza shemeji. Fungua kidogo, upulize vumbi, funga. Ndipo Sista afunge geji yake."

Nikamuuliza kwa nini aliuficha.

"Nilikuwa nangoja mavuno ya ngano Mbulumbulu. Kombaini zote zinafia kule, na gesi Arusha haipatikani. Yale mawe ya kabaidi naweza kuyatia maji nikapata gesi ya kuchomelea mwenyewe. Oksijeni siwezi kuitengeneza. Sijamuuzia mtu hata pumzi moja." Kisha: "Kimbia, Mwalimu. Mpe pole shemeji."

Nilitoka pale nimeamua kusema kweli. Naapa nilikuwa nimeamua. Kutoka nondo mpaka kaunta ni hatua kama kumi na mbili. Nikaona ule mtungi. Nikafikiria kucha za Hyasinta.

Niliandika kurasa mbili. Mwandiko wangu mzuri, aya zimepangwa, hata tarehe nilitia. Niliandika "kwa macho yangu". Nikasaini.

Miaka ishirini nimewaita wengine waongo.

Saa saba mchana mtungi ulifika wodini kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nilinawa mara tatu. Koki haikugoma.

Jumanne, 26 Aprili

Kucha zina rangi kidogo. Lori bado. Sista Antonia anasema tukibana utatufikisha kesho asubuhi, labda mchana. Mshale wa geji nautazama mpaka macho yanauma.

Saa nne gari la polisi lilipita kuelekea Arusha, njia ya milimani, wanasema inapitika kwa gari dogo. Sista alikuwa dirishani. Akasema, "Wanampeleka." Anajua mtungi ni wa Qamara; hajui nilichosaini. Hakuna anayejua, ila mkuu wa kituo na hili daftari.

Hyasinta amefumbua macho sasa hivi. Ameuangalia mtungi, masizi, rangi iliyobanduka. Akaisogeza barakoa.

"Mchafu hivi. Wameutoa wapi?"

Nikasema ni wa hospitali.

"Watu wa Mungu." Akapumzika, akavuta pumzi tatu. "Waandikie gazetini, Baba Josephati. Washukuru. Wataje kwa jina."

Nimemrudishia barakoa usoni. Haimfuniki macho. Ananitazama juu yake, anangoja niitikie, na Sista Antonia amegeuka, naye ananitazama.