Kovu la Mwiba

Milimani, Nakuru
3 Machi 1957

Kwa shemeji Kiptanui,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ninyi sijui. Habari zimenifikia hapa jikoni kwamba ndui imerudi Subukia, imeingia shamba la jirani yenu. Memsahibu amewachanja wanawe upya. Tangu ndugu yako afariki nikaja kuwa yaya huku, Cheptoo wangu yuko mikononi mwako, maana hapa mtoto wa yaya haruhusiwi. Dresa wa zahanati anayechanja watu akifika, mpeleke achanjwe. Tafadhali usilete yale mahubiri yako ya damu safi.

Shemeji yako,
Eucabeth

Subukia
10 Machi 1957

Kwa shemeji Eucabeth,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi wazima, ng'ombe wazima, mahindi pia. Kumbe kulea watoto wa wazungu kumekufanya daktari! Dawa ile ni usaha wa ndama, na damu ya ukoo wetu haichanganywi na usaha. Wewe uliyeolewa tu huku usitufundishe.

Mzungu mwenye shamba alitangaza kwamba mtoto asiye na kovu la chanjo atahama shamba na watu wake. Basi nikachukua mwiba na utomvu wa ule mti wa ua unaochoma ngozi, nikamtia Cheptoo kovu begani, na binti yangu Chepchirchir vilevile. Dresa alikuja, akatazama, akapita. Akili ni mali.

Shemeji yako,
Kiptanui

Milimani
14 Machi 1957

Kiptanui,

Sikusalimu. Dresa umemdanganya, na ndui je? Ndui haikagui mabega, mjinga wewe!

Nimeomba ruhusa nikaja, lakini njia ya shamba imefungwa kwa karantini na askari amenirudisha. Nimempigia kelele hadi sauti ikakauka. Mpeleke mtoto kwa dresa leo, umwambie kweli. Cheptoo si wako wa kufanyia werevu.

Mama Cheptoo

Subukia
5 Aprili 1957

Shemeji,

Salamu. Nimechelewa kujibu. Nilikwenda kwa dresa, nikamkuta mzungu amesimama kando yake, nikaogopa atanifukuza pamoja na ng'ombe wangu. Nikarudi. Baadaye Cheptoo alishikwa na homa, kisha vipele. Chepchirchir tukampeleka kwa bibi yake, Cheptoo tukamficha ndani. Kanisa zima liliomba. Ametutoka jana. Tumemzika karibu na baba yake. Kazi ya Mungu haina makosa.

Shemeji yako,
Kiptanui

Milimani
9 Aprili 1957

Kiptanui,

Usinitajie Mungu. Mungu hakushika mwiba.

Barua yako ilinikuta nikimwogesha mtoto wa memsahibu. Nikaisoma, nikaendelea kumwogesha, ningefanya nini? Nakuchukia, na sitaacha kukuchukia. Lakini Chepchirchir bado ana lile kovu lako la uongo, na yeye hajanikosea. Nenda kwa dresa, useme mbele ya mzungu, hata akikufukuza. Usiposema wewe, nitamwandikia mimi.

Mama Cheptoo

Kabazi
2 Mei 1957

Mama Cheptoo,

Sikusalimu, maana sina uso wa kukusalimu. Nilisema mbele ya mzungu, akatufukuza siku hiyo hiyo. Sasa tuko Kabazi kwa watu.

Chepchirchir amechanjwa bega la pili. Mimi ndiye niliyemshika. Alilia kidogo tu, kisha akauliza, "Na Cheptoo alichanjwa hivi?"

Baba Chepchirchir