Chupa ya Vitamini

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimerudi kutoka kliniki na nusu ya nilichoendea. ARV nimepata, za mwezi mmoja tu. Sindano ya kupanga uzazi — hakuna! Zamani nesi wetu, Sista Mulama, alinipa vyote chumba kimoja, mlango umefungwa, hakuna wa kunikodolea macho. Mradi wa wafadhili ulipokwisha, chumba kikafungwa. Sasa dawa za virusi foleni ile, kupanga uzazi foleni hii, na hii ilikuwa na mama mmoja, jirani wa ploti yetu. Nilijifunika leso hadi puani. Kufika dirishani: zimeisha, jaribu mwezi ujao, kwa sasa tumieni kondomu.

Kondomu! Nitamwambia nini Gachanja, mume wangu wa ndoa?

Alhamisi, 7 Agosti

Sindano ya mwisho imeisha nguvu. Gachanja hakujua hata kwamba nachomwa. Wala hajui nilizaliwa na virusi vya Ukimwi. Nilitaka kumwambia kabla ya mahari, mdomo ukawa mzito. Vidonge navimimina kwenye chupa ya vitamini, pamba juu visicheze. Mwaka jana aliviona akauliza. Nikaropoka: za kupanga! Akaamini. Wanaume na mambo haya — hata hakushangaa ukubwa wake.

Sista Mulama alinihakikishia: nikimeza kila siku, virusi havionekani, na mume yuko salama. Hata mtoto naweza kuzaa akiwa mzima, wakati wangu ukifika. Nang'ang'ania maneno hayo.

Jumapili, 10 Agosti

Ng'ang'a, kakake Gachanja, amekuja kutoka mtaa wa Pipeline na mkewe Nyawira. Watoto wanne, wote wamezaliwa kwa kisu. Nyawira ni mcheshi, nampenda bure. Tukikata mboga ya sukuma akaniambia daktari amemwonya: mimba ya tano itamuua. Na kliniki yao pia haina sindano. Akacheka. Mimi sikuweza.

Wakati huo mama mkwe yuko kwenye simu, sauti nyumba nzima: mjukuu wake wa huku kwetu Huruma yuko wapi, mwaka wa pili wa ndoa huu? Gachanja akanitazama, akanyamaza. Huyu mtu akinyamaza hivyo, kuna kitu anapika.

Jumatano, 13 Agosti

Chupa haipo! Nimepekua chini ya godoro, kabatini, hadi kwenye gunia la vitambaa vyangu vya mapazia.

Gachanja amerudi kutoka gereji, akaniambia huku akiosha grisi, bila hasira. "Nimetoa hizo vitu, Nthambi. Sasa tunatafuta mtoto."

Nikasema zilikuwa zangu.

"Ni zetu. Hata mtoto ni wetu." Akanishika bega taratibu. Afadhali angenifokea. Bila dawa virusi vitaamka. Mimi kwanza, halafu yeye, halafu huyo mtoto anayemtaka. Kliniki wataniuliza nani amezichukua. Naogopa, naogopa kweli.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwambia kichwa kinauma, asiniguse. Ameenda kuninunulia dawa ya kichwa. Mume mwema — ndiyo balaa lenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Nyawira amenipigia nikiwa kwa cherehani. "Asante sana dadangu, Mungu akubariki!"

Asante ya nini?

"Si hizo dawa! Gachanja alituletea Jumatano. Akasema nyinyi mmeacha kupanga, ni heri nitumie mimi kuliko kuzitupa. Lakini ni kubwa aki, kama za ng'ombe! Nameza tu. Na Ng'ang'a vile amefurahi, wacha!"

Cherehani ikasimama. Nilitaka kupiga kelele: hizo hazizuii mimba, Nyawira, mkataze mume wako! Unajua nilimwambia nini? Meza na maji mengi. Maji mengi! Laana iwe juu ya ulimi wangu.

Nikinyamaza, tutamzika. Nikisema, atauliza: basi hizi ni za nini? Na Nyawira hana kifua, neno haliwezi kulala kwake. Kufika jioni mama mkwe atakuwa nalo.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi. Nimeshavaa viatu, naenda Pipeline. Nilikuwa nimejipangia uongo mwingine: dawa zimeisha muda, zirudishe. Nimeuacha. Uongo mmoja umetufikisha hapa. Nitamwambia Nyawira ukweli wote, kisha nirudi nimwambie Gachanja kabla hajausikia kwa mtu. Naandika hapa kitandani ili miguu isinigeuke.

Gachanja yuko upande wa pili wa pazia, anapiga pasi shati la harusi ya rafiki yake. Simu yake inalia.

"Shemeji! Niaje?" Anacheka.

Ameacha kucheka. Anasema eeh. Eeh. "Chemist gani? Ulienda kuuliza nini?"

"Nthambi, hebu kuja. Ni Nyawira. Ako kwa chemist, ati mwenye duka la dawa anauliza hizi dawa ni za nani."

Nasikia harufu ya shati likiungua. Hajainua pasi.