Ukanda wa Mama wa Kubebea Kuni

Kianjokoma

Mdogo wangu Wamuyu,

Huku mvua imenyesha na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningelia tu.

Umeomba nikutumie ukanda wa Mama wa kubebea kuni, uwe ukumbusho. Ninao hapa mezani. Sehemu ya kukaa kichwani aliishonea kipande cha blanketi, maana shingo na taya vilikuwa vikimuuma. Wanawake wote hapa tukasema ni mzigo. Nani kati yetu shingo haimuumi? Akashona blanketi lake, akaendelea kubeba.

Asubuhi ile ya mwisho alitapika, akatokwa na jasho jembamba, akasema ni uchovu tu. Hospitalini daktari akasema ni moyo. Nikambishia, nikamwambia kifua hakijawahi kumuuma. Akasema wanawake wengine huumwa hivyo hivyo, kwenye taya na mgongo, na hufika wakiwa wamechelewa.

Sasa nawe unasema huko Laare taya linakuuma ukipanda kilima na kuni, na kwamba ukanda wa Mama ni laini kuliko wako.

Wamuyu, tua huo mzigo. Nenda hospitali leo, si kesho. Wakupime presha na moyo, na uwaambie Mama alikufa kwa ugonjwa gani.

Ukanda sitautuma. Ukishatibiwa, njoo uuchukue mwenyewe. Nataka kukuona ukiingia langoni.

Dada yako, aliyebaki na wewe tu,
Ciakuthii