Mawese ndani ya greda

Jumamosi, Buzebazeba

Mawese! Yaani kati ya vitu vyote, mawese!

Wiki tatu nimeilowesha injini ya lile greda kuukuu kwa dizeli ili pistoni zilizokwama ziachie. Nilitoa nozeli, nikaziba matundu kwa matambara, nikamwomba Mama Zuhura, mwenye uwanja, asiruhusu mtu kuligusa. Leo nafungua, nakuta uji mwekundu umeganda mpaka juu.

"Ni mimi, mwalimu," akasema Mama Zuhura, wala hakuona haya. "Marehemu mume wangu alikuwa analipaka mawese enzi zile grisi haipatikani. Mbona lilikuwa linachonga barabara mpaka Kasulu?"

Nikamwambia mumewe alikuwa anapaka viungo vya nje, hakuwa anamimina kwenye injini! Nikamwambia ameniharibia kazi yote. Nilimpazia sauti mama wa watu, kwenye uwanja wake mwenyewe.

Sasa itabidi nifungue injini yote, na spana kubwa sina, na Jumatatu shule inafunguliwa. Nimechoka. Afadhali ningependa mpira kama walimu wenzangu.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakubishana. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akafuta mikono kwenye kanga, akauliza taratibu, "Kwa hiyo halitanguruma tena?"

Nikasema sijui.

"Basi. Nilitaka nilisikie mara moja tu. Nilikuwa nikilisikia najua marehemu anarudi, likiwa bado liko mbali."

Miezi yote hii ninayokuja kulihangaikia nilidhani ananivumilia tu, mimi na chuma changu. Na nimeondoka pale bila hata kusema samahani.