Kahawa Tumboni mwa Salvina

Paskalina we! Nimetoka kwa mama mkubwa Salvina sasa hivi. Hebu sikia alivyoponea chupuchupu.

Mwaka 1983, wakati wa msako wa magendo, yeye alikuwa mke mpya pale mtaa wa Ngokolo. Mumewe alimletea kahawa mbichi kutoka Bukoba, ya kificho. Mwanzoni aliiona chungu kama mwarobaini, akawa anaitema. Mume akamfundisha kuikaanga kwa moto mdogo na kuitwanga na tangawizi, mpaka ikamkolea.

Siku hiyo yuko peke yake, anakaanga. Mgambo hao mlangoni! Na nyumba ina mlango mmoja tu!

Akazimimina zile buni kwenye khanga, akajifunga tumboni kama mjamzito. Za moto, Paskalina! Za moto hivyo hivyo!

"Harufu gani hii?"

"Karanga zimeniungulia, baba."

Wakapekua uvunguni, wakapekua hadi kwenye unga. Mmoja akaketi kigodani, akaomba maji. Maji! Ikabidi Salvina ainame mtungini huku tumbo linaungua, asijishike, asilie.

"Mbona machozi, mama?"

"Moshi."

Yule akanywa taratibu, akamtakia uzazi mwema, wakaondoka. Salvina akaanguka palepale. Amenionyesha kovu, shoga, kubwa kama kiganja.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukuzitupa motoni tu?"

Akanikazia macho. "Nizichome? Siku hiyo ndiyo kwanza nilikuwa nimepatia kuzikaanga!"